Mwaka Tuliolipwa kwa Kuruka

Tulipotoka makaburini tulirudi nyumbani kwa marehemu, mtaa wa Kikuyu, tukakuta akina mama wameshaanza kupakua. Nilipewa sahani ya wali na maharage, nikatafuta kiti chini ya turubai, na hapo ndipo Zuhura aliponishika bega kwa nyuma. Sikuwa nimemwona kwa miaka mingi. Alikuwa amenenepa, amevaa baibui jeusi, macho yamemwiva kwa kulia, lakini jambo la kwanza aliloniambia ni lile lile ambalo angeniambia tukiwa wasichana: "Yunis, hicho kiatu kinakubana, mbona unajitesa?" Tukacheka msibani, kwa sauti ya chini, huku tumeshikana mikono kama watoto. Kisha akaja Lameki, mvi kichwa kizima, anachechemea kwa goti linalomsumbua, akavuta kiti cha plastiki akakaa katikati yetu. Kijana mmoja mwenye sare ya rubani, aliyekuwa anagawa maji, akatupa shikamoo mmoja mmoja, halafu akauliza kwa adabu, "Wazee wangu, ninyi ni ndugu wa Kapteni?" Lameki alitafuna taratibu, akameza. "Sisi," alisema, "ndio tuliofanya akose kazi."

Yule kijana alidhani ni utani, akatabasamu na kupita na jagi lake. Haukuwa utani. Kapteni Mapunda alikosa kazi kwa sababu yetu, na kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikiamini kwamba habari yake inafaa kusimuliwa na mtu aliyekuwepo. Sasa yeye amelala kwenye udongo mwekundu wa Dodoma, nami nina muda. Nitasimulia mwaka mmoja tu, ule wa kwanza, nilipokuwa mhudumu wa ndege.

Zilikuwa zile enzi ambazo kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa sabuni za rangi rangi, mitumba ikamwagwa juu ya maturubai pale Majengo, na watu ambao jana walikuwa wanapanga foleni ya unga leo walikuwa na kampuni. Tajiri mmoja wa Dar es Salaam alileta ndege mbili za pangaboi, ndege zilizokwisha kuzeeka huko zilikotoka, akazipaka rangi upya, akaziweka Dodoma ziwe zinachukua wabunge, wafanyabiashara na wamisionari. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na ndege nilikuwa naijua kwa mlio tu. Meneja, Bwana Lukindo, aliniuliza kama naogopa kuwa juu. Nikamjibu kwamba sijawahi kupanda juu zaidi ya dari la bweni, tulipokuwa tunaficha maembe. Akacheka sana, akasema nimepata kazi. Halafu akanieleza habari ya mshahara. Mwaka wa kwanza ni wa mafunzo, na mtu aliye mafunzoni hapokei mshahara, anapokea posho ya kujikimu, na kwenye posho hiyo atakatwa gharama za sare. Aliyasema hayo kwa upole, ameinamisha kichwa, kama daktari anayekuambia dawa ni chungu. "Binti yangu, wenzako wanalipa ada kusomea kazi hii. Wewe unasoma bure." Nikamshukuru. Ilinichukua miezi kujiuliza ni mafunzo gani hayo, wakati tangu wiki ya pili nilikuwa angani, mimi na Zuhura peke yetu, tukiwafunga abiria mikanda na kuwafundisha wao namna ya kuokoa roho zao.

Zuhura alikuwa ametoka Tanga, na kwa kuwa posho ya mmoja haikutosha kodi, tulipanga chumba kimoja Chang'ombe. Nakiona chumba kile kuliko ninavyokiona hiki ninachoandikia. Kitanda cha futi nne tulicholala mzungu wa nne, dirisha dogo lililotazamana na zizi la mbuzi wa mwenye nyumba, kamba iliyokatiza chumba ambayo juu yake blauzi zetu nyeupe zilining'inia kama watu wa heshima waliokuja kututembelea. Maji tulinunua kwa madumu kutoka kwa wasukuma mikokoteni, na nusu ya maji hayo yaliishia kwenye sare, maana vumbi la Dodoma lilikuwa linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Tulipiga pasi ya mkaa tukishika pumzi cheche isiruke. Asubuhi tulipotoka, mtaa mzima ulisimama kututazama. Watoto walikimbia nyuma yetu wakiita, "Mandege! Mandege!" Mwenye duka alitukopesha sukari bila kuuliza kitu, kwa kuwa aliamini watu wanaofanya kazi mawinguni hawawezi kukosa kulipa. Mwenye nyumba, Mama Chilewa, alinivuta pembeni siku moja akaniomba nimsaidie mwanawe ada. Nilimwambia ukweli, kwamba sina. Akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu, akaguna, na kwa wiki nzima akawa anaitikia salamu yangu kwa kichwa.

Chakula chetu kilitegemea hali ya hewa. Kwenye ndege tulikuwa tunagawa keki ndogo, karanga na soda, na kilichobaki hakikurudishwa stoo, kwa hiyo abiria waoga walikuwa baraka kwetu. Upepo ukichafuka njiani, watu wakashika viti na kufumba macho, mimi na Zuhura tulitazamana juu ya vichwa vyao tukijua kwamba jioni kuna keki. Abiria majasiri walitulaza njaa. Siku moja nilikuwa namimina soda kwa mabwana wawili waliokaa mbele, wenye suti za kaunda, wakizungumza kama vile sisi hatuna masikio. "Vijana wa siku hizi wamepata," mmoja alisema. "Binti kama huyu, chai Dodoma, chakula cha mchana Dar. Unadhani anapokea kiasi gani?" Mwenzake akajibu, "Soko huria, bwana. Huyu anatuzidi mimi na wewe tukijumlishwa." Nilitabasamu kama nilivyofundishwa, nikawapa leso za karatasi. Ndani ya kiatu changu cha kushoto kulikuwa na kipande cha boksi la biskuti nilichokata asubuhi kuziba soli, na kwa kuwa uwanjani palikuwa na unyevu, kilikuwa kimeanza kulainika.

Lakini sisi tulikuwa na posho. Lameki hakuwa na kitu. Alikuwa rubani msaidizi, kijana mrefu mpole kutoka Mlali, kule Kongwa. Baba yake na baba zake wadogo walikuwa wameuza ng'ombe, karibu zizi zima, wakampeleka kusomea urubani nje, na siku aliyorudi wazee walikuja kumshika mikono na kuigeuza geuza waone ilivyo. Kampuni ilimwambia kwamba rubani mchanga hatafuti pesa, anatafuta saa za kuruka, na saa hizo ndizo itakazompa. Aliligeuza jambo hilo kuwa mzaha. "Jana nimelipwa saa mbili na nusu," alikuwa akitwambia. "Nikiunganisha na za juzi naweza kununua shati." Tulicheka naye. Kwao hakuwa anakwenda. Alisema kila mzee wa Mlali akimtazama anamwona pamoja na ng'ombe wake, na hajui atawaambia nini.

Zuhura ndiye aliyegundua. Alikuwa amekwenda Majengo alfajiri, wakati malori yanashusha na nyanya ni bei rahisi, akarudi na kikapu kitupu, akakaa kitandani. "Nimemwona Lameki," alisema. "Anabeba magunia ya viazi. Ana gunia mgongoni, na shati lake la rubani amelikunja kwenye mfuko wa nailoni, amelitundika kwenye msumari." Nikamuuliza kama alimsalimia. Akasema alijificha nyuma ya lori mpaka Lameki alipopita, kisha akasahau alichofuata sokoni. Hatukujua la kufanya. Kumwambia tunajua ingekuwa kumvua nguo. Kwa hiyo tulifanya tulichoweza: tulianza kupika zaidi. Alipopita jioni, akidai anapita tu, Zuhura alikuwa anapiga mkono kwenye paja na kulalamika, "Jamani leo tena nimekosea vipimo! Yunis hali, mimi sili, ugali wote huu utaliwa na nani?" Lameki anasema ameshiba. Zuhura anasema basi aonje tu. Na alionja mpaka mwisho, ugali wa uwele na mlenda, akiutazama ule mlenda kwa upendo ambao Zuhura, mtu wa nazi, hakuwahi kuuelewa. "Hiki ni chakula au ni gundi?" alikuwa akiuliza kila mara, na Lameki akimjibu kwamba mtu wa pwani hawezi kujua utamu wa kitu kisichoogelea. Watu wameniuliza kama nilimpenda Lameki. Nilimpenda, kama mtu anavyoweza kumpenda anayekula vizuri alichopikiwa. Hatukuwahi kulisema, yeye akaoa mwalimu wa Kongwa na mimi nikaolewa kwangu, na wala sioni kwamba kuna kitu kilichopotea.

Kapteni Mapunda yeye alikuwa mbali nasi. Alikuwa mtu wa Songea aliyezeekea kwenye shirika la umma kabla halijapunguza watu, na alituchukulia kama wageni waliomkuta nyumbani kwake. Alikagua kucha zetu. Alitaka aitwe Kapteni hata na muuza nyama. Kwenye sukari alikuwa mkono wa birika, alihesabu vipande vya kwenye trei yake na kuviweka mfukoni vilivyozidi. Hakuwahi kutuuliza tunaishi wapi wala tunakula nini. Nilimwogopa kuliko nilivyoiogopa ndege yenyewe.

Ofisi ya meneja ilitenganishwa na chumba chetu cha kusubiria kwa ubao wa plaiwudi, na kupitia ubao huo tulisikia mengi. Mchana mmoja Bwana Lukindo alikuwa anaongea kwa simu na tajiri wa Dar. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayebanwa. Alisema mafuta yamepanda, alisema mafundi wanadai, akanyamaza akisikiliza. Kisha akasema, "Hao watoto? Hapana mzee, hao hawana gharama. Yule wa mbele anataka saa, na hawa mabinti wanataka sare. Wapo wengine hapa mlangoni wanataka wanilipe mimi ili warushwe." Lameki alikuwa amekaa na sisi, anakunywa maji. Alikiweka kikombe chini kwa uangalifu sana, bila kelele, kama vile kelele ndiyo ingekuwa aibu. Baadaye nilikuja kujua kwamba Bwana Lukindo mwenyewe alikuwa anacheleweshewa mshahara, na tangu hapo nashindwa kumchukia kama ninavyotaka.

Mambo yalibadilika siku tuliyokuwa tunatoka Dar es Salaam kurudi Dodoma, mchana mweupe, ndege nusu tupu. Nilipeleka chai kwenye chumba cha marubani, nikafungua mlango, nikamkuta Kapteni ameshika usukani na Lameki kichwa kimeangukia begani, mdomo wazi, amelala usingizi wa mtoto mchanga. Niliganda na trei. Kapteni aligeuka, akanitazama, akaweka kidole mdomoni. "Mwache," alisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Mwache alale mpaka tufike karibu." Akachukua kikombe chake, na kwa mara ya kwanza akaweka vipande vyote vya sukari kwenye kikombe cha Lameki, akakifunika na sahani. Tulipoanza kushuka alimgusa goti. Nilikuwa bado nimesimama mlangoni, nikamwona Lameki anavyoshtuka, na uso wake ulivyogeuka wa kijivu alipoelewa.

Abiria walipokwisha kushuka, Kapteni alitukalisha sote watatu ndani ya ndege, kwenye viti vya abiria. Alibaki amesimama kwenye ujia. "Ulikuwa wapi asubuhi?" alimuuliza Lameki. Lameki akatazama sakafu. "Nimekuuliza, kijana. Rubani halali angani. Ulikuwa kwenye pombe?" Zuhura ndiye aliyelipuka. "Alikuwa Majengo, Kapteni! Anabeba magunia ya viazi, kila siku ya Mungu, ndipo anakuja kukurushia ndege yako!" Lameki alimgeukia kwa mshtuko, na nikaona anajua sasa kwamba vipimo vya ugali havikuwahi kukosewa. Akaficha uso kwa mikono. Kapteni alikaa kwenye mkono wa kiti. Alivua kofia, akaipapasa, akaivaa tena. "Kwa sheria natakiwa niandike kwamba rubani wangu alilala," alisema hatimaye. "Nikiandika, umekwisha. Nisipoandika, kesho utalala tena, na labda na mimi nitakuwa nimechoka." Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. "Nilijua hamlipwi. Nilisikia. Nikajiambia si kazi yangu. Mimi nilipoanza nililipwa kabla sijajua hata kuwasha injini. Walininunulia mpaka soksi. Nikadhani ni kwa sababu nilikuwa hodari."

Alitupeleka kula, kwenye mgahawa wa nyuma ya stesheni ya reli, mezani kwenye kitambaa cha plastiki chenye picha za matunda. Aliagiza wali na nyama, sahani nne. Lameki alijaribu kula polepole na hakuweza. Kapteni alikigeuza kiti chake kidogo, akajifanya anatazama treni ya mizigo iliyosimama tu, haina hata kichwa, na akaendelea kuitazama mpaka sahani ya Lameki ilipokwisha. Kisha akasukuma ya kwake mbele, akasema daktari amemkataza nyama.

Kesho yake Kapteni aliingia kwa meneja. Alitoka masikio yamewaka. "Ameniambia nishughulike na ndege, watu ni kazi yake," alituambia. Na siku chache baadaye meneja akaniita mimi peke yangu. Alinikaribisha kiti, akaniagizia soda. Akasema tajiri amesikia sifa zangu, anataka nianze kulipwa mshahara kamili, mimi, sasa hivi, na kazi yangu itakuwa kuwatuliza wenzangu. "Wewe una busara, Yunis. Yule Mtanga ana mdomo, na yule kijana ana haraka." Nilimwambia nitafikiri. Nilitembea kwa miguu mpaka Chang'ombe, na njia nzima nilikuwa naviona viatu vipya. Nilipomweleza Zuhura, aliacha kuchambua mchele. "Chukua," alisema.

"Zuhura!"

"Chukua, utulishe. Mmoja akishiba si haba. Unafikiri mimi nitakuonea wivu? Nitakuonea kidogo, halafu nitakula."

Lameki alipokuja naye akasema nichukue, kwa sauti tulivu, akiwa amesimama mlangoni. Wakanibana wote wawili, wakanigombeza kana kwamba kukataa ni ubinafsi. Niliwatazama, mmoja na ungo wake magotini, mwingine na mabega yaliyoanza kupinda upande mmoja kwa magunia, nikaona kwamba sitaweza kula mshahara ule mbele yao, hata wakinibariki. Asubuhi nilirudi kwa Bwana Lukindo nikamwambia nataka, lakini uandikwe kwa majina matatu. Alicheka, halafu akaona sicheki. "Basi hutapata hata wewe," alisema. Nilipotoka nilimkuta Kapteni amekaa kwenye benchi la nje, na kwa namna alivyonisogezea nafasi nilijua kwamba ubao ule wa plaiwudi ulikuwa umefanya kazi yake.

Ijumaa hiyo Bunge lilikuwa linaahirishwa na ndege ilikuwa imejaa. Sisi watatu tulikubaliana hatutapanda. Tulikuwa tumevaa sare, safi, kucha zimekatwa, tukasimama kwenye kivuli cha bawa. Sikutegemea Kapteni. Aliikagua ndege kama kawaida, akazunguka magurudumu, akapanda, akashuka. Kisha akaja na kiti cha kukunja, akakifungua kando yetu, akakaa, akakunja mikono. Meneja alikuja anakimbia, tai imelala begani. "Kapteni, abiria wanasubiri!" Kapteni akajibu bila kunyanyuka, "Ndege iko tayari. Wafanyakazi wangu hawako tayari. Siwezi kuruka peke yangu, sheria hairuhusu. Wewe ulisema watu ni kazi yako."

Abiria walianza kutoka ukumbini kuja kuona kulikoni. Mmoja alipiga kelele kwamba ana harusi ya binti yake Dar, na sikumlaumu. Kisha akaja mama mmoja mbunge, mnene, mwenye kitenge cha njano, aliyekuwa anasafiri nasi mara kwa mara. Aliniendea moja kwa moja. "Binti, mna nini?" Nilimwamkia, nikamweleza kwamba mwaka huu hatulipwi kwa kuwa tuko mafunzoni. Alinitazama muda. "Si wewe uliyenishika mkono siku ile upepo ulipotupiga juu ya Morogoro, mpaka tunatua?"

"Ni mimi, mama."

"Siku hiyo ulikuwa unajifunza?"

"Ndivyo wanavyosema, mama."

Akamgeukia Bwana Lukindo. Hakupaza sauti. "Basi na leo ajifunze kupokea mshahara. Mimi nitasubiri hapa." Akaomba kiti. Wengine wakaguna, wengine wakacheka, mzee wa harusi akasema kwa uchungu, "Walipeni basi watoto wa watu tuondoke!" Meneja alikimbilia simu. Aliporudi shati lilikuwa limemganda mgongoni, na alisema sawa, kuanzia mwezi huu, wote watatu. Kapteni akamtaka aandike. Akaandika palepale, karatasi juu ya sanduku la abiria, na yule mama akatia sahihi kama shahidi. Zuhura alikuwa analia na kukaribisha abiria kwa wakati mmoja, na wao wakimpa pole kana kwamba amefiwa.

Mshahara wa kwanza ulikuwa mdogo. Nilinunua viatu. Zuhura alinunua nazi, ambazo Dodoma ya wakati ule zilikuwa anasa, akapika wali ambao harufu yake ilimleta hata Mama Chilewa, na tukampakulia. Lameki aliomba ruhusa akaenda Mlali na mfuko wa sukari, kitenge cha mama yake na koti la baba yake. Aliporudi tulimuuliza ilikuwaje. Alisema baba yake alilivaa koti lile juani mchana kutwa akipita nyumba kwa nyumba, akiitikiwa salamu yake kwa Kigogo "mbukwenyi" na kila mtu, na hakuwaambia limetoka wapi mpaka walipouliza. Akacheka, akageukia ukutani, na mabega yake yakatikisika kwa muda.

Kapteni hawakumfukuza. Walisubiri tu mkataba wake uishe, na ulipoisha walimwambia ahsante. Tulizipata habari hizo asubuhi, na sisi watatu, tukiwa na sare zetu, tulikwenda moja kwa moja nyumbani kwake Kikuyu, tumeshaamua. Mke wake, Mama Anna, alitufungulia akatuonyesha uani. Kapteni alikuwa amevaa kaptula, anafunga matawi ya mizabibu kwenye waya. Lameki ndiye aliyesema: kama yeye hayupo, na sisi tunaacha kazi leo. Kapteni alishuka kwenye kigoda chake. Sijawahi kumwona amekasirika vile. "Mkiacha, nitakuwa nimekosa kazi bure!" alisema. "Mnanisikia? Bure kabisa. Mna ndege saa nane. Mnafanya nini hapa?" Tukasimama kama wanafunzi. Kisha hasira ikamtoka, akakaa chini kwenye kigoda kile kile na kujifuta jasho kwa kiganja. Mama Anna akasema tusiondoke na njaa. Tulikula viazi vitamu na chai, Kapteni akasema mambo ya mizabibu, namna inavyotaka kukatwa ili izae, na hakuna aliyetaja ndege tena mpaka tulipoaga. Alimshika Lameki mkono akaushikilia. "Sasa ukichoka, sema umechoka," alimwambia. Kwa misimu miwili baada ya hapo alikuwa akinunua zabibu kwa wakulima na kuziuza stesheni, mtu aliyetaka aitwe Kapteni, amesimama na mizani. Kisha wamisionari wakampa ndege ndogo ya kupeleka dawa vijijini, akairusha mpaka macho yalipomkatalia.

Mwaka ule ulipokuwa unakwisha kampuni ilimwajiri mhudumu mpya, binti wa Kondoa aliyeitwa Asha, mchangamfu, mwenye kutembea haraka. Hakujua lolote la nyuma, wala hatukumweleza, tulikuwa bado tuna aibu ya kusema tulifanya kazi bure. Siku alipopokea mshahara wake wa kwanza alitoka ofisini amenuna, bahasha mkononi. "Dada Yunis, hebu nielezeni," alisema. "Mwezi mzima nimeruka, miguu imevimba, halafu wananipa hiki tu? Hawa watu hawaoni haya?" Zuhura alitoka nje haraka na leso mdomoni. Nilimsikia anacheka, na baada ya muda nikasikia si kicheko tena. Lameki alimtazama yule binti kwa makini, kama mtu anayetazama mvua ya kwanza.

"Ni kidogo kweli," alimwambia. "Nenda kamwambie meneja."

"Naweza?"

"Unaweza. Gonga mlango, ingia, sema."

Asha akaiweka sawa kola ya sare yake, akashusha pumzi, akaenda kugonga.